Utata, Uchangamano na Ugumu: Visawe Visivyolingana

Katika makala ya kitaaluma ya Kiswahili, neno utata limebebeshwa mzigo usio wake. Mmoja huandika kuhusu "utata wa mfumo wa ngeli", mwingine "utata wa sentensi", na wa tatu "utata wa mtaala", ilhali kila mmoja ana jambo lake. Makala haya yanadai kwamba utata, uchangamano na ugumu ni visawe vya mazungumzo tu. Mwanataaluma hana budi kuvitenga.

Tuangalie sentensi mbili. "Juma alimpigia Asha mpira" ni sentensi sahili, yenye kitenzi kimoja. Hata hivyo ni tata, kwa kuwa kauli ya kutendea inaruhusu fasiri kadhaa: Juma aliupiga mpira uende kwa Asha, aliupiga kwa niaba yake, au alimpiga Asha kwa sababu ya mpira. Kwa upande mwingine, "Mwalimu aliyefika jana atasahihisha mitihani iliyobaki" ni sentensi changamano: vishazi tegemezi viwili vimo ndani ya kishazi kikuu. Pamoja na hayo, maana yake haiyumbi. Utata, basi, unahusu maana. Uchangamano unahusu muundo.

Ugumu nao hupimwa kwa mtendaji. Ngeli humtoa jasho mgeni anayejifunza Kiswahili ukubwani, lakini mtoto wa Unguja huzimudu bila kufundishwa. Uchangamano wa mfumo ni uleule kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni ugumu.

Mnyumbuliko wa maneno yenyewe unaunga mkono hoja hii. Uzi uliotatana hutatuliwa, na katika mzizi huohuo tumepata tatizo na utatuzi. Anayetaja utata huwa ameshadokeza, hata bila kukusudia, kwamba pana kasoro inayongoja kuondolewa. Changamana, kama fungamana na shikamana, ina viambishi -am- na -an-, vinavyoonyesha vitu vilivyoshikana katika hali moja. Kilichochangamana hakidai kutatuliwa, bali kuchambuliwa. Ndiyo maana "utata wa mfumo wa ngeli" ni kauli ya kupotosha: huufanya utaratibu wa lugha uonekane kama dosari yake.

Zipo pingamizi. Itasemwa kwamba wazungumzaji hutumia utata kwa mapana, na kwamba uchangamano ni neno la darasani. Ni kweli kwamba matumizi ya utata ni mapana: mwaka 2024 vyombo vya habari vya Kenya viliuita Mswada wa Fedha "mswada tata", na nchini Tanzania huripotiwa vifo vilivyotokea "katika mazingira ya kutatanisha". Lakini mswada ule uliitwa tata kwa kuwa ulizua mabishano, na vifo hivyo hutatanisha kwa kuwa chanzo chake hakijabainika. Hakuna anayezungumzia wingi wa vifungu vya mswada. Wanahabari, kumbe, wanalitumia neno kwa usahihi kuliko baadhi ya wasomi. Na kama uchangamano ni neno la darasani, sentensi changamano imekuwa ikifundishwa sekondari kwa muda wa kutosha. Msomaji wa jarida la kitaaluma hawezi kuliona geni.

Mwandishi anaweza kujipima kwa kitenzi kinachofuata. Akitaka kusema jambo liondolewe au lifafanuliwe, aandike utata. Akitaka kuonyesha jinsi sehemu zinavyohusiana, aandike uchangamano. Akimzungumzia anayetaabika, aandike ugumu. Asipoweza kuchagua, kasoro haiko katika msamiati: hoja yake haijaiva.