GPS Kwenye Gemu: Jinsi Ndai Halisi Inavyoingia Ndani ya Gran Turismo 6

Unamjua yule msee akitandikwa kwa Gran Turismo anasema, "Hii ni pad tu, nipe gari halisi uone." Sasa kuna gemu moja ilijaribu kumaliza hiyo kesi.

Ni Gran Turismo 6 ya Polyphony Digital kutoka Japani, iliyotoka kwa PS3 Desemba 2013. Baadaye ikaongezewa kitu kinaitwa GPS Visualizer. Unapeleka Toyota 86 halisi kwa uwanja wa mbio kama Tsukuba, Suzuka ama Fuji, data inaingia kwa flashi ya USB, unaichomeka kwa PS3, kisha mzunguko wako wenyewe unachezwa upya kwa skrini.

Inafanyaje kazi?

Kidude kinachofungwa kwa gari kinachukua vitu viwili. GPS inasema gari iko wapi. CAN, mfumo wa mawasiliano ambao Bosch ilizindua 1986 ili kompyuta ndogo za gari ziongee, inasema dereva anafanya nini: spidi, gia, usukani umekatwa kiasi gani, mguu uko kwa mafuta ama kwa breki.

Kwani GPS pekee haitoshi?

Piga hesabu. Ukienda kilomita 180 kwa saa, unakula mita 50 kila sekunde. GPS ikipima mara moja tu kwa sekunde, kati ya alama mbili kuna nusu ya uwanja wa mpira. Hapo katikati ulikanyaga breki wapi? Haijui. Tena GPS ya simu, hata mahali pa wazi, hukosea kama mita 5. Kwa kona, hiyo ndiyo tofauti ya kupita safi na kuingia kwa nyasi. Ndiyo maana lazima data ya gari yenyewe iongezwe.

Inakusaidia nini?

Data haina urafiki. Wewe unaweza apa uliingia kona na mafuta mpaka chini, lakini rekodi inaonyesha mguu ulitoka mapema. Unajua pa kurekebisha bila kuchoma tairi na mafuta ukibahatisha.

Kabla ujaribu na simu yako

Programu za kurekodi safari kwa GPS ziko kibao, lakini shika mambo mawili. Kwanza, mbio ni za uwanja. Thika Road kuna mtu anavuka na mtoto mgongoni, na huko hakuna kitufe cha kuanza upya. Pili, faili ya GPS inabeba mahali safari ilianzia na ilipoishia. Ukiiposti nzima kuringia mbogi, umewaonyesha pia geti yenu na saa ndai haiko. Kata mwanzo na mwisho kwanza.