Mishiri: utunzaji baada ya kuchumwa

Mishiri ni maganda machanga ya maharagwe (Phaseolus vulgaris), yanayoliwa mazima kabla mbegu za ndani hazijakomaa. Hulimwa Mwea na Naivasha nchini Kenya, na katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania, sehemu kubwa kwa ajili ya soko la Ulaya, ambako mnunuzi hupima hata unene: ganda jembamba la milimita 6 hivi hupata daraja la juu, nene kidogo hushushwa. Ganda jembamba kiasi hicho ni ganda ambalo bado linakua, na shida yote ya kulihifadhi inaanzia hapo.

Kitunguu huvunwa kikiwa kimeshajiandaa kulala. Mishiri haijajiandaa. Hukatwa katika ujana wake, ikaendelea kupumua kwa kasi, ikila sukari yake yenyewe na kutoa joto. Asiyeamini achomeke mkono katikati ya gunia lililojazwa asubuhi na kuachwa hadi jioni: atakuta fukuto kama la chini ya kuku anayeatamia. Kreti za plastiki zenye matundu zinafaa zaidi kwa sababu hiyo.

Adui mwingine ni kukauka. Ganda likishapoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake, mnyauko huanza kuonekana, ukilikunja halikatiki “kach!”, linapinda kama mpira. Kwa hiyo huchumwa mapema, mara tu umande unapokauka. Umande wenyewe haufai kuingia kwenye kreti, maana maji juu ya ganda hukaribisha ukungu, ule wa kijivu na ule mweupe unaofanana na pamba. Hewa iwe na unyevu, ganda liwe kavu. Jikoni kosa la kawaida ni kuosha mishiri kwanza ndipo iingizwe kwenye friji; ioshwe siku ya kupikwa.

Pasipo na umeme, wakulima hujenga kibanda cha mkaa. Kuta zake ni nyavu mbili za waya zilizoshindiliwa mkaa katikati, na maji hudondoka juu yake kutoka kwenye bomba lenye matundu. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, maji hugeuka mvuke na kuchukua joto la ndani. Ni ufundi wa mtungi wa maji wa bibi, umekuzwa tu. Hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu. Mombasa, wakati wa masika, haukufikishi mbali.

Penye chumba cha baridi, kiwango kinachofaa ni nyuzijoto 5 hadi 7.5 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 95 hivi. Hapo mishiri hukaa siku 8 hadi 12. Mtu akiishusha karibu na sifuri akidhani anaongeza siku, anaiharibu: asili ya maharagwe ni Amerika, kwenye joto, na baridi kali huyaumiza. Ujanja wa jeraha hilo ni kwamba hujificha. Maganda hutoka chumbani yakiwa kijani kibichi, kisha baada ya siku moja au mbili kwenye joto la dukani hutoka madoa ya rangi ya kutu, na lawama humwangukia muuzaji.

Siku hizo 8 hadi 12 ndizo biashara nzima. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yaliposimamisha ndege za Ulaya, mboga na maua vilirundikana Nairobi, na shehena nyingi zikaishia kutupwa.

Kwa upande wa baridi, njegere za maganda ni kinyume cha mishiri: zenyewe hupenda sifuri kabisa, kwani kwenye joto sukari yake hugeuka wanga na utamu kupotea upesi. Zote mbili, hata hivyo, zikae mbali na ndizi mbivu, ambazo hutoa gesi ya ethilini inayofifisha kijani. Kwa akiba ya miezi, mishiri huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, ikapozwa papo hapo kwa maji ya barafu, ikakaushwa na kugandishwa.