Kamba Zinazoshika Foromali



Tulipotuma bajeti ya mashua ya tanga ya chama chetu, mfadhili mmoja aliuliza: juu ya nini kamba zinakula pesa nyingi hivi? Swali ni zuri. Tunajibu kwa historia kidogo.

Ziwa letu Tanganyika lilikuwa ziwa la mitumbwi na makasia. Tanga la jahazi lililetwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Machi 1858, Mwingereza Speke alivuka kutoka Ujiji mpaka kisiwa cha Kasenge, upande huu wetu, kukodi jahazi la Sheikh Hamid bin Sulayyam. Alilikosa. Mwezi uliofuata yeye na Burton walienda Uvira kwa mitumbwi tu.

Nguvu ya jahazi iko kwenye kamba. Mlingoti umeinamia mbele kidogo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, haikupigiliwa msumari: inaning'inia. Henza ndiyo inaipandisha, ikipita kwenye makapi ili watu wachache wainue mzigo mzito. Tanga likisha kupanda, henza inafungwa nyuma, upande upepo unakotoka, na hapo inapata kazi ya pili: inavuta mlingoti usiangukie mbele. Kamba za kando nazo zinakazwa upande uleule. Chombo kikigeuza, zinalegezwa huku, zinakazwa kule. Hamarawi inazuia foromali isiyumbe. Demani inashika pembe ya nyuma ya tanga.

Sasa muone: henza ikikatika katikati ya ziwa, foromali inawaangukia watu, na mlingoti unabaki bila wa kuushika. Hapo mbao nzuri hazisaidii kitu. Sisi tuliovuka tukikimbia vita mwaka 1996, na tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka kuanzia 2005, tunajua maji haya hayana mchezo.

Ndiyo maana kamba hatutapunguza. Pesa zikipunguka, rangi itangoja. Tena, wazee wanaojua kufunga henza wamebaki wachache, na vijana wetu waliokulia kambini wanajua injini tu. Mashua ikiisha kutengenezwa, wazee hao ndio watawafundisha, kamba mkononi.