Moto Mmoja, Joto Mbalimbali: Historia ya Tanuru ya Kubanikia Samaki

Sisi watu wa Tanganyika, Mweru na mto Lualaba twajua samaki wa kubanika tangu utoto wetu. Hata Injili ya Yoane Mtakatifu, katika sura ya 21, yatueleza kwamba Mitume waliposhuka pwani walikuta makaa ya moto na samaki juu yake, tayari kwa chakula. Kazi hii basi ni ya kale, tena ya heshima. Lakini ina taabu yake: moto ni mmoja, bali joto lake haliwi sawa mahali pote.

Tutazame kwanza sababu. Wengi hudhani kwamba joto huenea ndani ya tanuru sawasawa, kama maji ndani ya mtungi. Sivyo. Samaki walio chini hupigwa na ukali wa makaa yenyewe. Walio juu hupata hewa ya moto na moshi tu. Tena hewa hiyo ikipita kati ya samaki wabichi hupoa, kwa kuwa joto lake limetumika kukausha maji yao. Pembeni hakuna joto kama katikati, wala upande unaopigwa na upepo haupati joto kama upande uliokingwa. Na bati la pipa, kwa wembamba wake, hupoteza joto upesi. Ukuta mnene wa udongo hulitunza.

Jambo hili si la Afrika tu. Huko Marekani watu wengi hubanika nyama nyuma ya nyumba zao katika mapipa ya chuma, moto ukiwa upande mmoja. Nyama ya jirani ya moto huungua, na ile ya mbali ingali mbichi. Kipimo cha joto kilichotiwa katika kifuniko hutoa habari za mahali pale kilipo tu.

Sasa twende Ghana. Pwani ya nchi ile kubanika samaki ni kazi ya akina mama. Zamani walitumia tanuru za mviringo za udongo, baadaye wengine wakatumia mapipa ya mafuta. Samaki walipangwa tabaka chache tu juu ya moto. Kwa kuwa wa chini waliungua, mama alilazimika kuwageuza kwa mkono, mmoja mmoja, macho yake yakitoka machozi. Na siku mitumbwi ilipojaa, tanuru hazikutosha. Samaki wakaoza, na pamoja nao ikapotea fedha ya chakula na ya shule ya watoto.

Kati ya miaka 1969 na 1971, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wataalamu wa utafiti wa chakula wa Ghana walishika kazi pamoja na akina mama wa Chorkor, mtaa wa wavuvi katika mji wa Accra. Hawakuleta mashine ngeni. Walijenga tanuru ya udongo yenye pembe nne, imegawanywa katikati kwa ukuta, na milango miwili ya kuni mbele. Juu yake waliweka chanja zenye fremu za mbao na wavu wa chuma, moja juu ya nyingine, hata kufika 15. Fremu hizo zimelingana sawasawa, hata zenyewe zawa kama bomba la kushika moshi na joto lisitoroke. Juu kabisa hufunikwa kwa ubao.

Je, joto lilipata kuwa sawa? Hata! Chanja ya chini ingali na joto kuliko ya juu. Lakini sasa mama hageuzi samaki mmoja mmoja. Huinua chanja nzima, ya chini huipeleka juu, ya juu huishusha chini, kila moja kwa zamu yake. Hivyo samaki wote hupata sehemu yao, na kuni hupungua. Katika miaka ya 1980 UNICEF ilisaidia kueneza tanuru hii, nayo imefika nchi nyingi za Afrika.

Ila taabu moja ilibaki. Mafuta ya samaki yakidondoka juu ya makaa hutoa moshi wenye sumu, nao hushika samaki. Ndiyo sababu mwaka 2008 FAO na chuo cha wavuvi cha Thiaroye, nchini Senegal, walianza kutengeneza tanuru nyingine yenye sinia ya kukinga mafuta.

Tujifunze nini? Tupange samaki wa ukubwa mmoja pamoja. Tuanze kwa moto mdogo, kwa maana moto mkali wa kwanza hukausha ngozi na kuyafungia maji ndani. Samaki huyo apendeza machoni, lakini ataoza njiani. Nasi twajua: samaki mmoja akioza, wote huoza. Zaidi ya yote, tusisahau kubadilisha chanja. Akina mama wa Chorkor hawakushindana na moto. Waliijua tabia yake, wakaipangia zamu. Na sisi katika nyumba na parokia zetu, tuangalie asiwepo mmoja anayekaa daima karibu na makaa, na mwingine daima katika baridi.