Hesabu za Kichwani



Wageni wanaotembelea vikao vyetu hapa Iyunga huuliza swali lilelile: kwa nini kabla ya kufungua sanduku tunaulizana kwa sauti? Mhazini anasema, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" na sote tunajibu. Kisha kila mama anataja hisa za jirani yake wa kulia. Wengine hucheka, eti ni mchezo.

Utaratibu huo una historia. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama ambao wengi hawakujua kusoma. Hawakuletewa karani. Kila mama alitoa kiasi kilekile kila wiki, na hesabu ikakaa vichwani mwa wanachama wote. Mtindo huo ukaenea Afrika hadi kwetu Tanzania, ingawa siku hizi vikundi vingi vina vitabu vya mihuri.

Lakini kina bibi zetu hawakusubiri Niger. Walikopeshana kwa kutia punje za mahindi kwenye kopo, au kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango. Deni likilipwa, punje inatoka. Halafu Mwalimu Nyerere akatangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nao wamama wakaenda kwenye kisomo. Wengi walijua kusoma, kisha herufi zikawatoka kwa kukosa cha kusoma nyumbani. Namba hazikuwatoka, maana sokoni ni namba kila siku.

Sasa basi, mwaka wetu wa 3 palikuwa na hoja ya kufuta kuulizana ili kikao kiwe kifupi. Nami niliiunga mkono, nakiri. Kabla ya kupiga kura, mvua ya Machi ikavuja kwenye nyumba lilimotunzwa daftari. Wino wote ukachuruzika. Maneno yakaanza: mgao hauwezekani, wasiojua kusoma watajiongezea hisa.

Tulikaa tangu saa tatu asubuhi hadi jioni. Bibi mmoja asiyejua hata kuandika jina lake alitaja hisa za wenzake watano, wiki baada ya wiki. Hakutaja tarehe. Alisema: wiki ile shule zilipofunguliwa, fulani hisa tatu, wiki ya kipaimara cha mjukuu wangu, fulani moja, wiki lori la viazi lilipokwama, hakuna aliyetoa zaidi ya mbili. Wenye kusoma tulikuwa kimya, tumezoea kuangalia karatasi.

Tulipojumlisha na kufungua kufuli zote tatu, fedha zilipishana na hesabu kwa shilingi 2,000 tu. Kumbe ni faini ya mtu aliyechelewa, haikuwa imelipwa. Huyohuyo bibi ndiye aliyekumbuka.

Hoja ya kufupisha kikao haijarudi tena, ingawa kikao kwa kweli ni kirefu.