Geji Inasoma Boya

Sisi wa rika hili tunadhani gari lilizaliwa na geji ya mafuta. Wapi! Ford Model T ya 1908 na lori lake, Model TT la 1917, zilitoka kiwandani bila geji. Uliinua kiti, ukafungua tangi, ukachovya kijiti. Petroli ilishuka kwa uzito wake tu, bila pampu, kwa hivyo ikipungua, mlima mkali ulipandwa kinyumenyume.

Geji ilipokuja, kijiti kikaonekana ushamba. Lakini ndani ya tangi mna boya tu, kwenye mkono unaopanda na kushuka. Lori likizeeka, boya hutoboka likazama, mshale ukasoma sufuri tangi likiwa limejaa. Mkono ukikwama, unaona nusu tangi mpaka injini inazima. Mlimani mafuta yanasogea, taa inawaka. Ukifika tambarare, inazima.

Na dizeli ikiisha, hewa huingia kwenye paipu. Kujaza tu hakutoshi; mara nyingi lazima hewa itolewe kwanza. Usiku, kando ya barabara, hiyo si mchezo. Ndiyo maana simcheki dereva wa lori kuukuu anayetembea na kijiti.