Kabla Ununue Maiki, Panga Masikio

Umesikia hii mara ngapi? Mtu amepiga simu redioni asubuhi, mtangazaji anamsalimia, na kabla hata jina litoke anaambiwa: "Punguza redio yako kwanza!" Kwa matatu watu hucheka tu. Mimi nasema hayo maneno manne yamebeba historia ya zaidi ya miaka 100. Na kama unarekodi podikasti ama unaenda laivu, hiyo historia inakuhusu kuliko bei ya maiki yako.

Msimamo wangu ni huu: mdomo hufuata sikio. Ukipanga vibaya kile mtu anasikia akiongea, ataongea vibaya, hata awe fundi wa maneno aje.

Aliyetuonyesha hivyo hakuwa mtu wa redio. Alikuwa daktari wa masikio, Mfaransa Étienne Lombard. Mwaka wa 1911 alichapisha alichogundua: mtu akiwekewa kelele masikioni huku anaongea, sauti yake inapanda bila yeye kujua. Kelele ikizimwa, inashuka. Hakuna aliyemwambia aongeze. Ndiyo maana ndani ya nganya yenye muziki juu mnaongea kama mnagombana, na hakuna aliyekasirika.

Miaka hiyohiyo, 1910, Nathaniel Baldwin kule Utah, Marekani, alikuwa anaunda hedifoni jikoni kwake na kuziuzia Jeshi la Wanamaji. Kwa wanamaji kazi yake ilikuwa kusikia wengine, yaani ishara hafifu za redio kutoka mbali.

Studio zikaipa hedifoni kazi nyingine. Maiki ikiwa wazi karibu na spika inayotoa sauti yake yenyewe, sauti inazunguka mpaka unapata ule mlio wa kutoboa masikio. Tunaujua vizuri kutoka harusini na mikutano ya siasa. Kwa hivyo studio za redio huunganishwa hivi: mtangazaji akifungua maiki, spika za chumba zinajizima. Hapo hedifoni ndiyo dirisha pekee limebaki. Ndimo anasikia wimbo unaisha lini, produsa anasema nini, mpigaji simu yuko ama amekata, na yeye mwenyewe anatoka vipi.

Halafu mwaka wa 1950, mtafiti Bernard Lee akaeleza jambo la ajabu. Ukimrudishia mtu sauti yake ikiwa imechelewa kidogo, anaanza kugugumia, anavuta maneno, anarudia silabi. Na huyo ni mtu asiye na shida yoyote ya kuongea. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kuchelewa kunakovuruga zaidi ni kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde.

Sasa rudi kwa yule mpigaji simu. Redio yake inaingia kwa simu, inarudi studio, inazunguka tena. Na kama anasikiliza kwa intaneti, anajisikia akiongea nyuma yake mwenyewe, anakwama. Si ushamba, ni mwili wake. Mafundi walipata dawa: anayeongea akiwa mbali anarudishiwa kila kitu kilicho hewani ukitoa sauti yake mwenyewe. Wanaiita miksi-mainasi.

Watangazaji wenyewe pia walipatikana. Zamani wengi wa FM walijisikiliza kutoka hewani kabisa, kupitia risiva, ndio wajue stesheni iko hewani na inasikika vizuri. Mitambo ya kidijitali ilipoingia, kila mmoja uliongeza milisekunde zake. Ikabidi stesheni nyingi ziwape sauti moja kwa moja kutoka kwa mikisa, kabla haijapita kwa hiyo mitambo.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Hedifoni nyingi za Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi zaidi ya 200. Manze, hiyo ni namba ya Lee! Tunanunua jaribio la maabara, tunalivaa kichwani, tunagugumia, halafu tunajiambia hatuna kipaji. Hiyo ndiyo inaniuma. Kuna wasee wanaacha kuongea juu ya kifaa.

Basi panga hivi. Ukitaka kujisikia ukiongea, tumia hedifoni ya waya, ya kufunika masikio, ndio sauti isivuje kwa maiki. Chomeka kwa mikisa ama kwa kile kifaa cha maiki, si kwa kompyuta, ndio sauti ikufikie kabla haijazunguka kwa programu. Sauti yako ikiwa juu sana masikioni, utaanza kunong'ona. Ikiwa chini sana, utapiga kelele. Tafuta katikati kabla ya kurekodi. Mgeni wako naye mpe hedifoni yake, na kiwango chake mwenyewe. Akiwa mbali, asirudishiwe sauti yake.

Na usipandishe tu sauti ndio ushinde kelele ya nje. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Funga dirisha kwanza.

Ukishapanga hivyo, rekodi dakika mbili na uzilinganishe na zile za Bluetooth. Ndio sasa uamue kama kweli huna sauti ya redio.